Daktari Aliniomba Nitoke Nje

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: nani aseme na nani, na aseme nini, pale mtoto aliyeanza kubalehe anapoketi mbele ya daktari. Waandishi ni wazazi, vijana na mhudumu mmoja wa afya. Nimezifupisha barua hizo na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe.

Daktari, nilimpeleka binti yangu wa miaka 14 kliniki kwa sababu ya maumivu ya kichwa yanayomrudia. Baada ya maswali machache daktari aliniomba nitoke nje. Nilikaa kwenye benchi robo saa nzima. Niliporudi binti alikuwa ameinamisha uso, na daktari akaniambia tu kwamba hakuna jambo la kutisha. Kila nikimuuliza binti walizungumza nini, ananijibu "mambo ya kawaida". Mimi ndiye niliyemzaa na ndiye ninayelipia matibabu yake. Je, sina haki ya kujua?

Pole sana, Mama. Kosa lilikuwapo siku ile, lakini si lile unalolidhania. Daktari hakukosea kukuomba utoke. Alikosea kukuomba bila kukueleza sababu, na akakosea zaidi kukurudisha chumbani bila kukupa lolote la kushika. Mzazi akiachwa kwenye benchi bila maelezo, atayatunga maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi atatunga yale mabaya kuliko yote.

Desturi ya kumsikiliza kijana peke yake si uzushi wa juzi. Mwaka 1951 Dkt. J. Roswell Gallagher alianzisha katika hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, kitengo cha vijana kilichokuwa cha kwanza cha aina yake nchini humo, na msimamo wake ulikuwa kwamba kijana ndiye mgonjwa, kwa hiyo yeye ndiye wa kuzungumza na daktari, badala ya kukaa kimya huku watu wazima wakimjadili kana kwamba hayupo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1997, Carol Ford na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi 562 wa sekondari huko California. Wanafunzi waliosikia daktari akiwahakikishia usiri walikuwa tayari zaidi kueleza mambo nyeti, na tayari zaidi kurudi kwa daktari siku nyingine, kuliko wale ambao hawakuambiwa chochote kuhusu usiri. Hilo la kurudi ndilo lenye uzito zaidi kwangu. Kijana asiyesema leo anaweza kusema mwezi ujao, ilimradi arudi.

Utauliza: maumivu ya kichwa yanahusiana vipi na siri? Yanahusiana sana. Kichwa cha mtoto wa miaka 14 huweza kuuma kwa sababu ya macho, kukosa usingizi, kuruka mlo, hedhi, wasiwasi wa mitihani, au mtu anayemtesa shuleni, na baadhi ya hayo mtoto hatayataja mbele ya mama yake, si kwa kuwa hampendi bali kwa kuwa hataki kumtia hofu. Ndiyo maana madaktari wengi hufuata mpangilio wa maswali uliochapishwa mwaka 1988 na madaktari wawili wa Marekani, John Goldenring na Eric Cohen: mazungumzo huanzia nyumbani, yakaja shuleni, yakaendelea kwenye michezo na marafiki, na baada ya hapo tu ndipo hufika kwenye dawa za kulevya, mahusiano, huzuni na mawazo ya kujiua. Mpangilio huo una hekima yake, kwa sababu swali zito linaloulizwa kabla ya salamu hujibiwa "hapana", na hiyo "hapana" haina thamani yoyote ya kitabibu.

Ninavyoona mimi, mambo yangepaswa kwenda hivi. Mngeingia pamoja, na daktari angewaambia nyote wawili, kabla ya swali lolote, kwamba kila kijana wa umri huo husikilizwa kwanza akiwa pamoja na mzazi wake, kisha akiwa peke yake, kisha tena wote pamoja. Angekutaka wewe ueleze yale unayoyajua kuliko mtu yeyote: ugonjwa ulianza lini, nani mwingine katika ukoo ana maumivu kama hayo, na wewe mwenyewe una hofu gani. Angeeleza pia, ukiwa bado umekaa hapo, ni mambo gani atakayoyatunza na ni mambo gani hataweza kuyatunza. Nitayataja mambo hayo katika jibu linalofuata. Mwisho, kabla ya kukuita urudi, angemuuliza binti yako: "Katika haya tuliyozungumza, ni yapi tumwambie mama, na nani ayaseme, mimi au wewe?" Mara nyingi kijana akiulizwa hivyo, huruhusu mengi kuliko unavyotarajia.

Mimi nami nimewahi kuyaharibu mambo haya. Nikiwa daktari mchanga nilimwambia msichana mmoja, "Niambie tu, sitamwambia mtu." Akaniambia kwamba amekuwa akijikata mikono kwa wembe na kwamba amewaza kufa. Ilinibidi niwaambie wazazi wake, na nilifanya hivyo, lakini naukumbuka uso wake alipotambua kwamba ahadi yangu haikuwa na msingi. Tangu hapo sijawahi kuahidi usiri bila kutaja kwanza mipaka yake.

Kuhusu haki yako: ndiyo, unayo haki ya kujua kinachohatarisha uhai wa mwanao, na unayo haki ya kujua jina la ugonjwa, dawa anazopewa na namna ya kumuuguza. Mambo mengine hutegemea sheria ya mahali ulipo pamoja na umri na uelewa wa mtoto. Rudi kwa daktari yule, na usimuulize "mlizungumza nini?" bali "ni nini ninachopaswa kukifanya nyumbani ili kichwa chake kipone?" Swali hilo atalijibu. Binti naye usimhoji njiani mnaporudi. Mwambie mara moja tu kwamba unajua ana mazungumzo yake na daktari, kwamba hukasiriki, na kwamba siku akitaka kukushirikisha utakuwapo. Baada ya hapo nyamaza, ingawa najua kunyamaza huku ni kugumu kuliko kutoka nje.

Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 16. Nina uchafu unaotoka sehemu za siri na ninaogopa kwenda hospitali kwa sababu daktari atamwambia mama, na mama atafikiri nimefanya jambo baya. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Kwanza tuliache neno "uchafu". Msichana aliyebalehe hutokwa na majimaji, na hilo ni jambo la maumbile ambalo huweza kuanza hata miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza. Yakiwa meupe au hayana rangi, hayawashi wala hayana harufu mbaya, na yakibadilika kidogo kadiri siku za mwezi zinavyosogea, huo si ugonjwa. Ukiona yamekuwa ya kijani au ya manjano, au kuna muwasho, harufu kali, maumivu chini ya tumbo au maumivu wakati wa kukojoa, nenda ukapimwe. Na fahamu kwamba hata hayo hayana maana moja tu: fangasi, kwa mfano, huwapata wasichana ambao hawajawahi kukutana kimwili na mtu yeyote, hasa baada ya kumeza dawa za kuua bakteria. Mweleze mama hilo ukipata nafasi.

Sasa kuhusu hofu yako. Unapoingia chumbani, kabla hujaeleza chochote, uliza: "Nikikuambia jambo, utamwambia nani?" Daktari mzuri hatakasirika kwa swali hilo, atakushukuru. Atakuambia kwamba kuna hali ambazo hawezi kuzifungia moyoni: ikiwa uko katika hatari ya kujidhuru au kujiua, ikiwa kuna mtu anayekuumiza au kukudhalilisha, au ikiwa mtu mwingine yuko hatarini kwa sababu yako. Hata hapo anapaswa kukuambia wewe kwanza kabla hajamwambia mwingine. Katika nchi nyingine, sheria huongeza mambo ambayo daktari lazima ayatolee taarifa, na katika nyingine kijana chini ya miaka 18 hawezi kutibiwa maradhi fulani bila ridhaa ya mzazi, kwa hiyo usiridhike na jibu la juu juu; mtake akueleze sheria ya hapo ulipo inasemaje.

Huenda ukafarijika kujua kwamba watu wazima nao wamebishana sana juu ya swali lako. Mwaka 1980 wizara ya afya ya Uingereza ilitoa waraka uliomruhusu daktari, katika hali za pekee, kumpa msichana aliye chini ya miaka 16 ushauri na dawa za kuzuia mimba bila wazazi kujua. Mama mmoja aitwaye Victoria Gillick aliupinga waraka huo mahakamani, na kesi ikapanda hadi kwa majaji wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, ambao mwaka 1985 waliamua, watatu kwa wawili, kwamba mtoto mwenye akili na uelewa wa kutosha juu ya matibabu anayopewa anaweza kuyaridhia mwenyewe. Kinachosahaulika katika hukumu hiyo ni kwamba mmoja wa majaji hao, Lodi Fraser, alimtaka daktari pia ajitahidi kumshawishi msichana amwambie mzazi wake. Kwa hiyo daktari akikuuliza, "Je, tungeweza kumshirikisha mama?", usidhani amekusaliti. Anafanya kazi yake, na wewe unaweza kukubali, kukataa, au kumwomba akusaidie kutafuta maneno.

Neno moja la tahadhari: siri za wagonjwa huvujishwa na madaktari kwa nadra kuliko zinavyovujishwa na karatasi. Uliza ujumbe wa majibu utatumwa kwenye simu ya nani, stakabadhi au bima itaandika nini, na dawa utakazopewa utazihifadhi wapi.

Mwanangu wa miaka 13 alilalamika usiku kwamba tumbo linamuuma, akatapika. Asubuhi tulimpeleka kwenye zahanati, akabonyezwa tumbo na kupewa dawa ya maumivu. Siku ya pili tulipokwenda hospitali kubwa, tuliambiwa kwamba korodani moja ilikuwa imejisokota na imekwisha kufa, ikabidi itolewe. Mtoto alijua tangu mwanzo wapi panauma. Kwa nini hakusema? Na yule wa kwanza, je, alikosea?

Baba, nimeisoma barua yako mara mbili, na nimeipa nafasi kwa sababu inaonyesha vizuri kuliko hoja yoyote kwamba aibu ni jambo la kitabibu.

Korodani huning'inia kwenye mshipa mfano wa kamba, ambao ndani yake hupita damu. Kamba hiyo ikijisokota, damu hukatika. Hali hii huwapata zaidi wavulana wa umri wa kubalehe, huanza ghafla, na mara nyingi huambatana na kutapika na maumivu yanayopanda hadi tumboni. Upasuaji ukifanyika ndani ya saa 6 hivi tangu maumivu yaanze, korodani kwa kawaida huokolewa. Kadiri saa zinavyozidi ndivyo matumaini yanavyopungua. Mwanao hatakosa uwezo wa kuzaa kwa sababu hiyo pekee, kwani korodani moja yenye afya hutosha, na ikiwa hamjaambiwa, ulizeni kama ile iliyobaki imeshonewa mahali pake ili nayo isije ikajisokota.

Kwa nini hakusema? Jaribu kukumbuka ni neno gani ambalo angelitumia. Lugha yetu ina tafsida tele kwa ajili ya sehemu hizo, na tafsida ni adabu njema mezani, lakini mtoto ambaye tangu utotoni amesikia tu "sehemu za siri" amefundishwa kwa jina lenyewe kwamba mahali hapo ni pa kufichwa, na maneno mengine aliyoyaokota kwa wenzake anayajua kuwa ni matusi. Usiku ule alikuwa na njia tatu: atukane mbele ya baba yake, aseme kwa tafsida isiyoeleweka, au aseme "tumbo". Alichagua tumbo. Na hakusema uongo kabisa, kwa kuwa tumbo nalo lilikuwa likiuma. Mambo ya namna hii nayaona pia kwa wasichana, ambao "mgongo" wao huweza kuwa hedhi yenye maumivu makali na "kizunguzungu" chao huweza kuwa damu inayotoka kupita kiasi.

Ndiyo sababu mzigo wa kulitaja jambo kwa jina lake ni wa mtu mzima, na hasa wa daktari. Siwezi kumhukumu mtu ambaye sikuwapo alipofanya kazi, lakini kanuni tunayofundishwa ni kwamba mvulana mwenye maumivu ya ghafla chini ya tumbo hajapimwa mpaka korodani zake zimeangaliwa. Hilo hufanywa kwa maneno machache yasiyo na kigugumizi: "Wavulana wa umri wako wakiumwa hivi, wakati mwingine tatizo huwa kwenye korodani. Je, hapo panauma? Ningependa kupaangalia. Ungependa baba abaki, au asimame nyuma ya pazia?" Mtumishi mwingine awepo kama shahidi, mtoto afunuliwe pale tu panapohitajika, na akisema "ngoja", daktari angoje. Anayelitamka neno korodani kwa sauti ileile anayotamkia goti humpa mtoto ruhusa ya kulitamka pia.

Nyumbani, mwambie kwamba hakukosea. Na kama ana wadogo wake wa kiume, wafundishe neno hilo wiki hii hii.

Mimi ni mhudumu wa afya niliyeanza kazi hivi karibuni. Kijana wa miaka 15 ameletwa na shangazi yake kwa sababu hapati usingizi, hali chakula vizuri na amejitenga. Nilitaka kumuuliza kama amewaza kujiua, nikaogopa kwamba nitampandikizia wazo ambalo hakuwa nalo.

Hofu yako wanayo wengi, na imekwisha kuchunguzwa. Utafiti uliofanywa kwa zaidi ya wanafunzi 2,300 wa sekondari katika jimbo la New York na kuchapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha walioulizwa kuhusu kujiua na wale ambao hawakuulizwa, na haukuona dalili yoyote kwamba swali hilo liliwaongezea dhiki au mawazo ya kujiua. Wale waliokuwa na sonona walionekana hata kupata nafuu kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo kutouliza ndiko kunakopaswa kukutia hofu.

Mwombe shangazi asubiri nje, kisha sema wazi: "Watu wanapokosa usingizi na furaha kwa muda mrefu, wengine huwaza kwamba afadhali wafe. Wewe umewahi kuwaza hivyo?" Usiseme "hujawahi kuwaza mambo ya kipumbavu, sivyo?", kwa sababu swali hilo tayari limekwisha kujijibu. Akikubali, endelea: lini, kwa njia gani, je, ana kitu hicho karibu, na ni nini kilichomzuia hadi leo? Kisha mwambie kwamba hili haliwezi kubaki baina yenu wawili, lakini anaweza kuchagua nani wa nyumbani ataambiwa kwanza, nani atasema, na kama atapenda kuwapo. Mtu huyo naye apewe kazi ya kufanya badala ya kuachiwa hofu tu: dawa, sumu za wadudu na vitu vyenye ncha kali viondolewe au vifungiwe, asiachwe peke yake, na mjue mapema ni huduma gani ya dharura mtakayoikimbilia usiku. Kijana asiondoke bila tarehe ya kurudi, nayo iwe ya karibu.

Shuleni wanataka kumchanja binti yangu wa miaka 10 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Nimesikia kwamba virusi vinavyoisababisha huambukizwa kwa ngono. Nikikubali, si nitakuwa nimemruhusu?

Hapana, Mama. Chanjo hii, iliyoanza kutumika mwaka 2006, hutolewa mapema, na Shirika la Afya Duniani linawalenga hasa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla mwili haujakutana na virusi, hata kama utakutana navyo ndani ya ndoa. Tafiti zilizofuatilia wasichana waliochanjwa hazikuona kwamba walianza ngono mapema kuliko wenzao. Kwa binti wa miaka 10 maelezo yanayotosha ni kwamba sindano hii inazuia saratani. Daktari anayeianzisha mada hii kwa kuinamisha sauti ndiye anayewatia wazazi shaka.

Dada yangu ana miaka 13. Mama haijui lugha ya daktari, kwa hiyo mimi kaka yake wa miaka 19 ndiye ninayetafsiri. Dada hasemi kitu.

Ungekuwa wewe, ungesema? Umekuwa msaada kwa familia na hakuna anayekulaumu, lakini msichana wa umri huo hawezi kueleza hedhi yake kupitia kwa kaka, na mama naye hupunguza maswali yake ili asikuaibishe. Ombeni mkalimani wa kliniki, ikiwezekana mwanamke, au mkalimani wa kwenye simu. Akikosekana kabisa, daktari azungumze na dada yako moja kwa moja kama wanaelewana lugha, kisha wewe uitwe mwishoni kumfikishia mama yale tu ambayo dada amekubali wewe uyasikie. Miadi ijayo mkiiweka, mwambieni mpokezi siku hiyohiyo kwamba mtahitaji mkalimani, ili atafutwe mapema.